Mtepe wa Mezani: Mfano, Asili na Uaminifu

Kuna michezo ya watoto ambayo mtu mzima akiifuata kwa makini hugeuka kuwa elimu. Mmojawapo ni ule wa kuunda chombo kidogo kwa mfano wa chombo kikubwa. Katika kijiji cha Ozi, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini huko Kipini, mtoto hahitaji kununuliwa chombo cha kuchezea. Karara la mnazi humtosha kuwa chombo, kijiti huwa mlingoti, na jani huwa tanga. Mtoto huyo hajiulizi kama urefu wa mlingoti unawiana na upana wa chombo. Akisema kuwa hili ni jahazi, basi ni jahazi, na wenzake hukubali pasipo ubishi.

Mtu mzima aingiapo katika mchezo huo hupoteza uhuru wa namna hiyo. Akishatamka kwamba kitu alichokiunda ni mfano wa chombo fulani, huwa ametoa ahadi. Mtazamaji ana haki ya kumuuliza ni kitu gani kilichopimwa, kwa kipimo gani, na kwa ushahidi wa nani. Hapo ndipo mchezo unapokutana na taaluma.

Nidhamu hiyo huonekana waziwazi miongoni mwa watu wanaounda treni ndogo, sanaa iliyoenea sana Ulaya na Marekani. Chukulia kwamba mmoja wao anataka kuwa na kichwa cha treni cha dizeli cha Kenya, cha daraja la 93, kilichotengenezwa na kampuni ya General Electric ya Marekani na kuletwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Aina hiyo, iitwayo U26C, ilitumika pia Afrika Kusini na New Zealand. Kwa hiyo mtu huyo anaweza kutafuta mfano wa huko na kuurekebisha uwe wa Kenya. Hata hivyo, kufanana kwa mashine si kufanana kwa kila kitu. Reli kongwe ya Kenya, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ina upana wa milimeta 1,000, ilhali ya Afrika Kusini na New Zealand ina milimeta 1,067. Kwa skeli ya 1 kwa 87, upana wa Kenya huwa milimeta 11.5 na ule mwingine huwa 12.3. Nayo reli ndogo inayouzwa kwa wingi katika skeli hiyo ina upana wa milimeta 16.5, kwa kuwa imetokana na reli ya milimeta 1,435, upana wa reli mpya iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Anayeweka kichwa cha daraja la 93 juu ya reli hiyo amekipeleka mahali ambapo hakikupata kupita.

Baada ya magurudumu huja rangi, na rangi nayo ina tarehe. Katika miaka ya 1980 vichwa hivyo vilikuwa chini ya shirika la umma. Mwishoni mwa mwaka 2006 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mkataba huo ukakoma mwaka 2017. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la fundi makini halihusu uzuri wa rangi. Yeye huuliza: ni nambari ipi, na ni mwaka upi? Kwake yeye hakuna kichwa cha treni kwa ujumla. Kuna kichwa kimoja, chenye nambari yake, siku moja ya maisha yake.

Ozi haina reli, na hata Garsen, mji ambao msafiri wa barabara ya Lamu huupitia, haujapata kusikia king'ora cha treni. Njia kuu ya kale ya eneo hili ni maji. Jina Ozi ni la mto pia, kwa maana ndivyo iitwavyo sehemu ya mwisho inayomwaga maji yake Kipini. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ulioiunganisha Tana na Ozi, na kadiri miaka ilivyopita maji mengi ya Tana yakaifuata njia hiyo. Pembezoni mwake kuna mikoko, na biashara ya miti ya mikoko katika pwani hii ilizaa msamiati uliopangika vizuri: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila jina na unene wake, na yote yakihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Miongoni mwa vyombo vilivyobeba boriti kuzipeleka Mombasa na Unguja kilikuwamo kimoja ambacho leo hakionekani baharini, nacho ni mtepe.

Mtepe haukupigiliwa misumari ya chuma. Mbao zake zilishikanishwa kwa vijiti vilivyopenyezwa katika kingo, kisha zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Ulikuwa na mlingoti mmoja na tanga la pembe nne lililosukwa kwa majani ya jamii ya mkindu. Omo yake ilichomoza mbele kama shingo, na mapokeo ya pwani yaliifananisha na shingo ya ngamia wa Mtume. Ukoo wa vyombo vya kushonwa ni wa kale mno. Mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza, aliyeieleza safari ya Bahari ya Erithrea, alivitaja katika bandari ya Rhapta, na waliosafiri na Vasco da Gama mwaka 1498 waliviona katika pwani hii vikiwa na matanga ya mikeka. Wabajuni wa visiwa vya Lamu waliendelea kuushona mtepe hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya hapo majahazi ya misumari, na hatimaye mashine, yaliumaliza.

Ni katika mazingira hayo ambapo mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Ozi, alijipa kazi ya kuunda mtepe wa kuweka mezani. Neno alikuwa nalo tangu darasani, katika somo la msamiati wa mabaharia. Alijua kulitungia sentensi na kulitaja katika mtihani. Alichokosa ni kitu chenyewe. Siku alipoulizwa na wenzake wa bara kwamba mtepe hasa ukoje, alijikuta akieleza jahazi, kwa kuwa jahazi ndilo alilolijua, kisha akiongeza kwamba "lakini lilishonwa". Maelezo hayo hayakumridhisha yeye mwenyewe.

Njia iliyoonekana nyepesi ilikuwa kununua jahazi dogo la mbao, la aina wanayouziwa wageni huko Lamu, na kuligeuza. Alilinunua, akaliweka mezani, akaandika katika daftari orodha ya mambo ya kubadilisha. La kwanza lilikuwa tanga, kwani la jahazi lina pembe tatu na la mtepe lina nne. Kubadilisha tanga kulilazimisha kubadilisha foromali, na foromali mpya ilidai mlingoti uhamishwe. La pili lilikuwa hanamu. Katika jahazi la Lamu husimama karibu wima, ilhali katika mtepe hulala mbele. La tatu lilikuwa tezi, ambayo katika jahazi imekatwa bapa, na katika mtepe huchongoka. La nne lilikuwa usukani, ambao katika mtepe ulifungwa kwa kamba. Hatimaye akafika kwenye misumari. Kila palipong'olewa msumari palibaki tundu mahali ambapo mshono usingepita. Orodha ilipokamilika aligundua kuwa kitu pekee ambacho kingeweza kusalia bila ubishi mkubwa ni macho, yale maduara ya omoni ambayo mtepe na jahazi la Lamu yote mawili yalikuwa nayo.

Hilo lilimfunza jambo ambalo waunda treni wanalijua vyema. Ipo mifano inayorekebishika na ipo isiyorekebishika. Ukosefu wa taa, rangi isiyofaa au nambari isiyo yake ni makosa ya juu ya ngozi. Umbo la kiwiliwili na namna kilivyounganishwa ni mifupa, na mwenye kubadilisha mifupa hafanyi marekebisho tena, anaumba upya. Kijana aliliweka jahazi lake rafuni, likabaki kuwa jahazi zuri, akaanza na mbao tupu.

Mshono nao ulikuwa na hesabu yake. Alichagua skeli ya 1 kwa 20, ili chombo cha meta 18 kiwe na sentimeta 90 na kutosha mezani. Ikiwa katika chombo cha namna hiyo matundu yametobolewa kila sentimeta nane, ubao mmoja unaotoka omo hadi tezi una matundu zaidi ya 220, na katika mfano matundu hayo yako milimeta nne tu kutoka moja hadi jingine. Kamba ya milimeta nane huwa uzi usiofika nusu milimeta. Mwanzoni alishawishika kutumia uzi mnene zaidi na kutoboa matundu machache, kwa kuwa mishono ingeonekana vizuri na kazi ingekwisha upesi. Hapo alikumbana na kishawishi kikubwa cha kila mwiga, yaani kukuza kile ambacho mtazamaji anatarajia kukiona. Mtu anayesikia kwamba mtepe ulishonwa hutaka kuiona mishono. Lakini aliyeutazama mtepe ukiwa ufuoni, kwa umbali wa hatua 20, aliona kwanza umbo. Kijana alichagua uzi mwembamba.

Ushahidi ulikuwa kazi ngumu kuliko mbao. Ipo makala ya James Hornell ya mwaka 1941 kuhusu mtepe na dau la Lamu, na kipo kitabu cha A. H. J. Prins cha mwaka 1965 kuhusu mabaharia wa Lamu. Zipo picha zilizopigwa mitepe ikiwa ingali hai, na ipo mifano katika makumbusho, ikiwemo Lamu. Kijana alivisoma na kuvitazama vyote alivyoweza kuvifikia, akaona kuwa havikubaliani. Sababu mojawapo ni kwamba mitepe yenyewe haikuwa ya namna moja. Ulikuwepo mtepe wenyewe, wenye shingo iliyochomoza, na lilikuwepo dau la mtepe, ambalo lilishonwa vilevile lakini omo yake ilikuwa kali na nyoofu. Mtu akichukua omo ya huu na kuiambatisha na kiwiliwili cha lile, kila kipande kitakuwa cha kweli na chombo kizima kitakuwa cha uongo.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Iwapo kitu cha asili kingalipo, mfano wenye kasoro hausababishi hasara kubwa, maana mtu anaweza kwenda bandarini na kuusahihisha. Kitu cha asili kikitoweka, mfano hupanda cheo na kuwa shahidi. Atakayekuja baadaye atapima mfano, atanakili kasoro zake pamoja na sifa zake, na nakala yake itanakiliwa na wengine. Baada ya vizazi viwili kasoro iliyotokana na uvivu wa alasiri moja huweza kuitwa mapokeo. Ushahidi wenyewe pia hauna makazi ya milele. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe wa ukubwa kamili ulishonwa upya kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka. Tukio hilo linatosha kumkumbusha mtu kwamba kuhifadhi kitu mahali pamoja tu ni kukiweka rehani.

Msomaji wa Kiswahili atatambua kwamba habari hii inahusu maneno kama inavyohusu mbao. Kamusi ni makumbusho ya mifano. Johnson na Sacleux, ambao kamusi zao zilianza kutoka mwaka 1939, waliyaweka humo maneno mengi ya mabaharia: mkuku, taruma, hanamu, fashini, gubeti, ngama, demani, joshi, henza. Wakati huo mtu aliyetilia shaka maana ya neno angeweza kushuka ufuoni na kuoneshwa kwa kidole. Leo wengi huyafahamu kwa kamusi tu, na kamusi mpya inapofafanua taruma au fashini kwa kufupisha ufafanuzi wa kamusi ya zamani, huwa inanakili mfano, wala haipimi chombo. Kijana wa Ozi aliyaelewa maneno hayo upya mikononi mwake. Alijua taruma ni nini siku aliyolazimika kulikunja ili lifuate tumbo la chombo, na alijua kwa nini ngama ina jina lake siku aliyoona mahali ambapo maji yote ya chombo kinachovuja yangekusanyika.

Palipobaki pengo katika ushahidi alichukua uamuzi ambao wenzake waliushangaa. Upande wa kulia wa chombo aliukamilisha kwa kadiri ya yale aliyoweza kuyathibitisha. Upande wa kushoto aliacha mti mtupu katika kila sehemu aliyokosa shahidi: hakuchora pambo, hakuning'iniza kishada, hakuziba pengo kwa kubuni. Chini yake alibandika karatasi yenye majina ya sehemu, na mbele ya kila sehemu akaandika ilikotoka, kama ni picha, kitabu au mfano mwingine. Baadhi ya waliouona walisema haujakwisha. Kwa kweli ulikuwa umekwisha, kwa maana kwamba ulisema yote uliyoyajua na ukanyamaza katika yale usiyoyajua. Unyamavu wa namna hiyo ni adimu katika vyombo vya mezani, na si mwingi sana katika tasnifu.

Wakati wa likizo aliupeleka Ozi kumwonesha babu yake, mzee aliyeishi kwa mpunga, maembe na uvuvi wa mtoni. Mzee aliushika kwa mikono miwili, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye mishono, akausifu. Kisha akauliza:

"Hiki chombo, mjukuu wangu, wewe ulikiona?"

"Sikukiona, babu. Kilikwisha kabla hujazaliwa au ukiwa mdogo."

"Na mtumbwi uliokuvusha ulipokuwa ukienda shule, huo umeupima?"

Kijana hakuwa na jibu. Mtumbwi wa mzee, uliochongwa katika gogo moja, ulikuwa umefungwa hatua chache kutoka walipoketi. Hakujua urefu wake, wala unene wa ubavu wake, wala sababu ya pua yake kuinuliwa zaidi ya tezi. Hakujua fundi alianza kuchimba kutoka upande gani wa gogo, wala jina la shoka lake. Mambo hayo hayakuwa yametoweka. Yalikuwa yakitumika kila siku na ndiyo maana hakuna aliyeyaandika.

Swali la mzee halikuudharau mtepe. Liliuweka mahali pake. Uaminifu wa mfano hupatikana kwa gharama ndogo kabisa wakati ambapo asili ingali inaelea, na wakati huo ndio ambao watu huwa hawaoni haja ya kupima. Dalili za mabadiliko hazihitaji darubini. Katika maeneo mengi ya pwani boti za faiba zimechukua nafasi ya vyombo vya mbao. Katika Ozi maji ya chumvi hupanda mtoni na kuingia mashambani, na maisha yaliyojengwa juu ya maji baridi yanabanwa. Mtumbwi bado upo, fundi bado yupo, na majina ya sehemu zake bado yanatamkwa, mengine kwa Kipokomo na mengine kwa Kiswahili. Hakuna mwenye uhakika kwamba mambo hayo matatu yatadumu kwa muda ulio sawa.

Siku zilizobaki za likizo kijana alizitumia ufuoni akiwa na utepe wa kupimia na daftari. Mzee alitaja jina la sehemu, naye akaandika jina, kipimo na mchoro. Walipofika kwenye neno ambalo mzee na jirani yake walilitamka kwa namna mbili, aliyaandika matamshi yote mawili na jina la kijiji ambacho kila mmoja alijifunzia. Kwenye ubavu palikuwa na kiraka cha bati kilichozibia ufa, nacho akakipima. Jirani alimwambia akiache, kwa kuwa kinauharibia mtumbwi sura. Yeye alikichora mahali pake hasa, akaandika mwaka ambao mzee alikumbuka kukipigilia. Mtumbwi aliokuwa akiupima ulikuwa mmoja, wa mtu mmoja, na kiraka kilikuwa sehemu yake.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka katika vijiji vya mto, ziwa na bahari wana fursa kama hiyo kila wanapofunga chuo. Utepe wa kupimia hauna gharama kubwa. Wazee hawajachoka kuulizwa, ilimradi anayeuliza aanze na kile kilicho mbele ya macho yao, aandike asikiacho jinsi alivyokisikia, na mahali asipojua aache mti mtupu.